Sahani za Mama Okwach

Siku ya kuanua matanga, saa tisa alasiri, kamati ya mazishi ya mtaa ilikuwa uani kwa Adoyo ikikusanya vyombo vya kukodi. Sahani mia mbili za plastiki zilihesabiwa mara tatu, na mara zote tatu ikapungua moja. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Shimba, alivua kofia akajipepea nayo.

"Hapa Igoma nimezika watu wengi," alisema. "Lakini nyumba yenye sahani nyingi namna hii, halafu msiba wake ukakodi sahani, ndiyo kwanza naiona."

"Za ndani zina chakula, Mwenyekiti," alisema Adoyo, bila kuacha kusugua sufuria.

"Najua zina chakula. Nasema tu."

Hapo ndipo Okwach alipoingia, mfuko wa nailoni mkononi, amevaa koti lililokuwa la mtu mnene kuliko yeye. Alikuwa na miaka sitini na minne. Mara ya mwisho alipotoka kwenye lango lile alikuwa na thelathini na mitatu, na halikuwa lango la mabati, ulikuwa mwanya tu kwenye ua wa minyaa.

Adoyo alinyanyuka, akafuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mdogo wake kwa miaka mitano, ila mgongo wake ulikuwa umemtangulia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Mama tumemzika juzi."

"Nimesikia. Mtandao ulisumbua."

Mtandao haukusumbua. Habari ya kifo ilimkuta Tunduma jioni ile ile, ameketi mbele ya kibanda cha chai, simu imejaa chaji. Alidandia lori la kwanza, akashuka Kahama, akakaa pale siku mbili akitazama watu wakicheza bao.

Mwanamke mrefu wa miaka ishirini na kitu akatokeza jikoni na beseni la vikombe. Huyo alikuwa Sharon, binti wa Adoyo, ambaye Okwach hakuwahi kumwona.

"Shikamoo, mjomba. Kumbe ndiyo wewe wa sahani?"

"Marahaba. Sahani zipi?"

Sharon alimtazama mama yake. Mzee Shimba akavaa kofia.

"Mpelekeni akaone vitu vyake," alisema. "Maana mtu kasafiri."

Chumba kilikuwa nyuma ya sebule. Adoyo alisukuma mlango, na joto likawatokea usoni kama mtu anayefunua sufuria. Ndani, kuanzia ukutani hadi mlangoni na kuanzia sakafuni hadi kwenye kenchi za paa, zilisimama sahani. Kulikuwa na za bati zenye ukingo wa buluu, za udongo, za plastiki, na zile ngumu zenye maua ya waridi zinazouzwa mnadani. Zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, kila moja ikifunika iliyo chini yake, na kila moja ilikuwa na chakula, na chakula chote kilikuwa cha moto.

Okwach alisimama kizingitini akatafuta mahali pa kuweka mfuko wake. Hapakuwapo.

Habari ilikuwa hivi. Miaka thelathini na moja nyuma, asubuhi moja, Okwach alimkuta mama yake akipalia moto wa kukaushia samaki. Akamwambia, "Mama, nafika Usagara mara moja kumwona mtu. Niwekee chakula, jioni narudi." Pale Usagara barabara zinapoachana, akakuta lori la Geita limekosa utingo, akapanda. Alikusudia kurudi. Baada ya Geita ikaja Kahama, baada ya Kahama ikaja Kigoma, kisha Mpanda, kisha Tunduma. Alipakia magunia, akawapikia wachimbaji, akalinda maghala, akauza miwani ya kusomea ambayo mwenyewe hakuihitaji. Kila mwaka alikuwa na mpango wa kurudi baada ya Pasaka.

Mama yake, Roza, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Okwach kwa jina la mwanawe asiyekuwapo, alimwekea chakula jioni ile. Kesho yake akakifunua, akakikuta kingali cha moto. Nani anamwaga chakula cha moto? Akaweka cha siku hiyo juu yake. Basi ikawa hivyo. Kila alipokwenda mnadani alirudi na sahani. Watu walizoea. Majirani waliokanda unga wa maandazi waliegemeza mabeseni yao kwenye ukuta wa nje wa chumba kile ili uumuke upesi, na kuku wa mtaa wote waliatamia pale.

Simu zilipoingia, Okwach alipiga mara chache. Mama yake hakumuuliza yuko wapi wala anafanya kazi gani. Aliuliza, "Umekula?" Naye akajibu, "Nimekula, mama," hata siku ambazo hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake. "Haya," mama yake alisema. "Na huku chako kipo." Okwach alidhani ni maneno ya kina mama.

"Hiki si ndicho kilikuwa chumba chako?" Okwach alimuuliza dada yake.

"Ndicho."

"Unalala wapi?"

"Sebuleni. Mkeka naukunja asubuhi." Alisema hivyo kama mtu anayetaja siku ya gulio. Kisha akaongeza, "Kaka, mimi sina neno. Mama ameshazikwa, na mimi mifupa inauma, sebuleni kuna upepo. Ningependa nilale chumbani kwangu kabla sijafa. Vile visipoliwa havitoki. Ukimwaga, asubuhi unavikuta vimerudi."

"Basi wapewe watu. Mtaa mzima huu!"

"Sahani zinabebeka, vya ndani havishikiki. Ni vyako."

Mzee Shimba, aliyekuwa amewafuata hadi mlangoni, alipiga hesabu kwa vidole. Kwa sahani moja kila jioni, Okwach angemaliza akiwa na miaka tisini na mitano. Kwa tatu kwa siku, ingemchukua kama miaka kumi hivi.

"Kumi si mingi," alisema Mwenyekiti. "Una bahati hujapoteza meno."

Okwach alikuwa amekuja kuona kaburi na kuondoka kesho yake. Alikaa kwenye kigoda, Sharon akamnawisha, wakamtelemshia sahani iliyokuwa karibu na mlango. Ilikuwa ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, na dagaa wa kukaanga. Alimega tonge, akala. Mkono ulikuwa wa mama yake. Hakuna mtu mwingine aliyesonga ugali ukawa na kile kigumu kidogo katikati.

Akaishi hivyo. Asubuhi sahani moja, mchana moja, jioni moja. Roza hakuwa amepanga kwa miaka, alipanga kwa nafasi, hivyo safu moja iliweza kuwa na chakula cha mwaka jana juu, na chini yake cha miaka ishirini iliyopita. Majirani waliizoea saa ya jioni, wakawa wanakuja na viti vyao.

"Leo unakula mwaka gani?" waliuliza.

"Sijui. Sato na mgagani. Umetiwa maziwa."

"Sahani ikoje?"

"Ya maua."

"Aa, hiyo ni wakati ana ng'ombe wa mkopo wa kanisa. Yule ng'ombe alikuwa na roho mbaya! Alimpiga teke mchungaji."

Wakacheka, wakamkumbuka. Dagaa wenye mchanga walikuwa wa mwaka ziwa lilipofurika, waanikaji wakahamia barabarani. Maharage siku nenda siku rudi yalikuwa ya mwaka ilipozama meli, ambapo Mwanza nzima hakuna aliyetaka kula samaki. Mapanki ya kukaanga yalikuwa ya enzi viwanda vinachukua mnofu wa sangara, na Roza akipanga foleni alfajiri kupata mifupa. Wali wenye vijiwe ulikuwa wa miaka ya mwisho, macho yalipokuwa yamefifia, hawezi kuchambua lakini hataki kuchambuliwa. Okwach aliuma jiwe, akalitoa, akalitia mfukoni. Majirani walisema mama yule alikuwa mtu wa watu, hakumgombeza mtoto wa mtu, aliimba sauti ya pili kanisani mpaka alipofika miaka tisini. Adoyo alisema ni kweli, mama alikuwa mwema sana.

Jioni moja majirani walipoondoka, sahani ilikuwa na sato mzima, kichwa hadi mkia, amelala juu ya ugali mweupe wa mahindi. Okwach alikuwa amefika kwenye mgongo wa samaki alipouliza, basi tu kwa kuzungumza:

"Siku hii na ninyi mlikula sato?"

Adoyo aliinamia sahani, akaitazama. Ilikuwa ya bati, ukingo umebanduka upande mmoja.

"Hiyo ni mwaka wa ukame. Sharon ndiyo anaanza kutembea. Hapana, sisi tulikunywa uji wa chumvi. Samaki alikuwa mmoja."

Okwach alishika tonge.

"Jirani zetu nao wakaja wakasema, Mama Okwach, mpe huyo mtoto. Mama akalia. Akasema, kaka yake Adoyo akirudi leo akute nini? Mimi nikaingia chumbani mama akiwa amelala. Nikatia mkono kwenye sahani, moto nausikia kabisa, mvuke unaniunguza. Nikautoa mtupu. Nikamshika Sharon mkono wake mdogo, nikautia, ukatoka mtupu. Basi. Tukakaa pale tukiota moto."

"Mama alijua?"

"Alijua. Alisema, hicho ni cha kaka yako."

Okwach alimega kipande kinene cha tumbo, penye mafuta, akanyoosha mkono hadi kwenye mdomo wa dada yake. Adoyo hakukataa. Alifunua mdomo kama mtu anayepokea dawa. Vidole vya Okwach vilifika pale havina kitu.

"Si nilikwambia," alisema Adoyo. "Kula, kisipoe."

Hakikuwa kinapoa. Okwach alimla sato wote. Alikuwa mtamu, na hakuweza kumfanya asiwe mtamu.

Tangu siku hiyo aliuliza kila mara, naye Adoyo akamjibu kila mara bila kinyongo. Siku hiyo tulikula michembe ya viazi. Siku hiyo tulikula, ila mimi niliachiwa ukoko. Siku hiyo Sharon alirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa viatu, mama alikuwa amenunua sahani. Baada ya wiki tatu Okwach akaacha kuuliza. Adoyo naye akaacha kusema, ila alikuwa akiitazama sahani inapofunuliwa, na Okwach alijua anakumbuka.

"Ya kwanza kabisa iko wapi?" alimuuliza siku moja.

"Kona ile, chini kabisa. Kuku. Ulisema unakwenda kumwona mtu, mama akadhani umepata kazi. Alimchinja yule tetea wangu."

Miezi minne ilipopita, safu za karibu na mlango zilikuwa zimekwisha. Pakabaki sakafu tupu, upana wa mlango na nusu ya urefu wa mtu. Adoyo aliifagia, akaipiga deki, akaingiza mkeka wake. Kichwa kilikuwa ndani, miguu ikabaki sebuleni. Asubuhi yake alisema amelala vizuri kama yuko tumboni, kwa joto lile. Sharon alisema, "Mama, leo umeamka unacheka peke yako!" Okwach alimsikia, akaenda kukaa nje.

Miguu ilikuwa imeanza kumwasha. Aliamka akiwa amesimama. Aliwaona watu wakipita barabara ya Musoma na mabegi, akajikuta lango analo mkononi. Chumbani kulikuwa na miaka kumi ya kukaa mbele ya Adoyo na sahani iliyofunuliwa.

Siku ya Alhamisi alioga mapema, akavaa koti. Adoyo alikuwa uani anachambua dagaa.

"Nafika Usagara mara moja," alisema Okwach. "Kuna mtu nataka kumwona."

Adoyo aliendelea kuchambua. Alitupa kichwa cha dagaa kwa kuku.

"Jioni utakuwa umerudi?"

"Jioni nipo."

"Nikuwekee chakula?"

Okwach alilijua jibu. Lilikuwa neno moja, na alikuwa amelibeba tangu siku ya sato: usiniwekee. Lakini mtu anayesema usiniwekee amesema harudi, tena mbele ya dada yake, mchana kweupe, mfuko wa nailoni ukiwa mkononi.

"Niwekee," alisema.

"Haya."

Pale Usagara alisimama muda mrefu. Alikusudia kurudi. Ilipofika saa kumi na moja, lori la mchele la Shinyanga lilikuwa limekosa mtu wa kukaa na dereva. Dereva akasema, "Mzee, panda, tupige stori." Okwach akapanda.

Walipokuwa wanaiacha Misungwi jua lilikuwa linazama upande wa ziwa. Akatoa simu, akapiga.

"Adoyo, umekula?"

"Nimekula, kaka."

Alilitambua jibu lile. Alilijua mpaka sauti yake. Alikuwa amelitumia Mpanda na Tunduma miaka yote ile.

"Na chako nimeshaweka," alisema Adoyo.

"Umeweka wapi?"

"Pale pale kwenye mkeka. Ndipo palipo na nafasi."

"Na mkeka?"

"Nimeurudisha sebuleni."

Kwa nyuma alisikia kifuniko kikigonga sufuria, na Sharon akiuliza ni nani huyo. Okwach alikaa na simu sikioni. Upande ule Adoyo alikuwa anangoja, hata pumzi zake zilisikika, moja baada ya nyingine, safi kabisa, kama ameketi naye kwenye lori.

"Adoyo," alisema, "mtandao unasumbua."

Akakata.