Ng'ombe ya Metito

Kwetu Kitengela hakuna kifaa cha stima kinachoitwa kwa jina la dukani. Friji ni Mgonjwa, kwa sababu mlango wake lazima ufungwe polepole na uegemezwe kiti, la sivyo itaguna usiku kucha. Blenda ni Mheshimiwa: kelele nyingi, kazi kidogo, na haianzi mpaka mtu aikandamize kichwa. Birika ya stima ni Ng'ombe ya Metito. Metito ni jirani yetu, na ng'ombe wake humpiga teke yeyote anayemgusa. Birika yetu pia, kwa shoti ya stima. Ukiisogelea bila slipa, aliye karibu hupiga kelele, "Ng'ombe!" nawe unaruka nyuma. Hatujawahi kununua nyingine. Hii tumeizoea, na kuzoea hatari kwetu huitwa kujipanga.

Siku mamake Kahiga alipokuja kutuona mara ya kwanza, mama yangu, Nzembi, alipiga marufuku majina yote. Mgeni, Waithera kwa jina lake, alikuwa anatoka Embulbul, na tulishaambiwa ni mama wa kanisa, mwenye ploti, asiyecheka ovyo. Kahiga, mchumba wangu, alinieleza waziwazi kwamba mamake akikunja uso, harusi imekwisha. Nilimpenda Kahiga, lakini huo woga wake ulikuwa unaniudhi kweli.

"Leo tutaongea kama watu," Mama alisema. "Friji ni friji. Birika ni birika. Na wewe Mbaluka, nikisikia ng'ombe hapa, utaenda kulala kwa huyo Metito."

Baba, ambaye ndiye Mbaluka, alisema sawa. Baba husema sawa kwa kila kitu.

Mama Kahiga alifika na mwanawe, akaiona kapeti mpya ya Mama na, kwa adabu zake, akavua viatu mlangoni. Mambo yalikwenda vizuri mno. Baba alimkaribisha maji baridi "kutoka kwa friji" kwa sauti ya mtu anayesoma habari. Kisha mgeni akafanya kile kinachofanywa na mama anayetaka kuonyesha kwamba si mgeni tena: akainuka, akakunja mikono ya sweta.

"Wacha nisaidie na chai," akasema, akaingia jikoni. Miguu mitupu, na sakafu bado ilikuwa na maji, maana nilikuwa nimetoka kuipiga deki ili ing'ae.

Sote tulimwona akinyoosha mkono. Baba alifungua mdomo, Mama akamkazia macho, akaufunga. Neno nilikuwa nalo ulimini, fupi kabisa. Nikalimeza, nikaanza kutafuta maneno ya heshima.

"Mama, samahani, hiyo birika ya stima iko na..."

Ng'ombe akapiga teke.

Mama Kahiga alikaa chini kwa kishindo, kitambaa cha kichwa kimemwangukia jicho moja. Hakuumia, lakini alikasirika vibaya.

"Mlikuwa mnaniangalia tu!"

"Ni hitilafu ndogo," Mama alisema.

"Ni ng'ombe ya Metito!" Baba alishindwa kujizuia. Akaeleza yote: Mgonjwa, Mheshimiwa, mpaka ile marufuku. Mama alitazama dari.

Mgeni alimsikiliza hadi mwisho, uso umekunjwa hasa.

"Kwangu," alisema, "vitu tunaita na majina yake."

Nikajua nimekwisha. Ndipo Kahiga, ambaye tangu afike hakuwa amesema lolote zaidi ya "asante", akakohoa pale mlangoni.

"Mum, pasi yetu iko na jina."

"Jina gani?"

Alinitazama mimi kwanza, kisha yeye. "Waithera," alisema. "Daddy ndiye aliipatia. Sababu inashika moto haraka, na hakuna mtu anajua kuizima."

Hata Mgonjwa sebuleni alinyamaza. Mama Kahiga alimwangalia mwanawe kama aliyeletewa mtoto asiyemjua. Niliona aibu, na nilijivunia Kahiga mpaka machozi yakanilengalenga.

Mgeni akarekebisha kitambaa. Akanyoosha miguu yote miwili mbele yangu.

"Nipatieni slipa," alisema. "Chai haijipiki."

Nilivua zangu nikamvisha, nikabaki pekupeku kwenye maji. Alipoinuka, mkono ukaelekea tena kwenye swichi, akageuka ghafla.

"Na wewe Munyiva toka hapo," akanifokea. "Ng'ombe!"