Nyonga ya Josette

Mtakatifu Willibrord hakuwahi kusumbuliwa hivyo kwa ajili ya nyonga moja. Josette Kieffer, mjane wa miaka sabini na mmoja, alimwomba asubuhi, mchana na jioni, tena akiwa amekaa kitini. Kazi ya kusimama alikuwa amemwachia mtakatifu mwenyewe.

Nyonga yenyewe ilikuwa mpya. Madaktari waliibadilisha Januari, wakamtuma msichana wa mazoezi ya viungo, Carole, amfundishe nyumbani: inua mguu wa kushoto, shusha, inua wa kulia, shusha.

"Bibi Kieffer, usipoutembeza mguu huu mpaka kiangazi, utakakamaa hivyo hivyo. Hutatembea tena bila fimbo."

"Mwanangu, mimi si nyani wa sarakasi. Mguu huu una mwenyewe, naye yuko juu."

Carole akaenda zake, na Josette akabaki na hofu. Kwa miaka hamsini na miwili, kila Jumanne baada ya Pentekoste, alikuwa ameruka katika maandamano ya mji wao wa Echternach: watu watano watano, wameshikana kwa leso nyeupe, bendi inapiga, kushoto, kulia, mpaka kwenye kaburi la mtakatifu. Mwaka huu angeyatazama tu. Alilia peke yake jikoni, na tuseme kweli, alilia kwa hasira.

Zamani, aliyeshindwa kuruka alimtuma mwingine amrukie. Josette naye akatafuta wa kumtuma. Watoto hakujaliwa, na majirani walikuwa na shida zao za kurukia. Akabaki Néckel.

Néckel! Mume wa Triny, marehemu mdogo wake. Siku ya mazishi mpagani huyo alisimama nje ya kanisa akivuta sigara, na tangu hapo, miaka minne, Josette hakukanyaga kwake. Lakini mfa maji hukamata maji. Akampigia simu.

"Niruke mimi?"

"Uruke wewe. Si kwa ajili ya roho yako, hiyo ilishapotea. Kwa ajili ya nyonga yangu."

Néckel akasema, "Mimi kuruka sijui, shemeji. Itabidi unifundishe."

Basi kila siku saa tisa mchana, wiki sita mfululizo, Néckel alikuja jikoni kwa Josette. Mwanafunzi mzito vile hajapata kuzaliwa.

"Kushoto! Huo wa kulia, ng'ombe wee!"

"Huu?"

"Ala! Hebu nitazame mimi!" Josette akashika meza, akainua kushoto, akashusha, akainua kulia, akashusha.

Néckel akakuna kichwa. "Sijaona vizuri. Rudia."

Wiki ya tatu Josette aliiachia meza, maana mkono aliuhitaji wa kumpigia kofi la bega. Wiki ya sita walizunguka jikoni wameshika kitambaa cha kufutia vyombo, na bado jitu lile likimkanyaga vidole.

"Triny alikuvumiliaje?"

"Hata mimi sijui, shemeji."

Siku ikafika. Josette alisimama kando ya njia na fimbo yake, akamwona Néckel anakuja mstarini. Wanne wakienda kushoto, yeye kulia. Watu wakaanza kucheka. Jamani, ombi lake hilo linachezewa mbele ya mji mzima! Akamsukumia jirani yake fimbo, akaingia mstarini.

"Toka! Nipe leso hiyo!"

Néckel alimpa upesi, kama aliyekuwa akingoja. Josette akaruka mpaka kaburini, na pale akalia kwa sauti bila kumwonea haya mtu.

Wiki iliyofuata daktari alimpapasa nyonga, akatabasamu. "Safi kabisa. Naona mazoezi umefanya kwa bidii."

"Mazoezi? Hata siku moja. Nilimwachia mtakatifu."

Akatoka moyo umemlainika. Aliyeponywa na mbingu hawezi kumnunia mtu miaka minne. Akaoka keki ya tufaha, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akagonga kwa Néckel. Néckel akamkaribisha, akaenda kupika kahawa.

Rafuni, kando ya picha ya Triny, vilipangwa vikombe saba vya ushindi. Josette akavaa miwani, akasoma. Mashindano ya dansi ya wawili, Trier, nafasi ya kwanza: Triny na Néckel. Na kinachofuata, na kinachofuata. Kwa miaka ishirini mdogo wake alikuwa akimwambia kwamba Jumamosi wanakwenda Trier kucheza karata, kwa kuwa Josette alishasema dansi ni dhambi. Kumbe karata zenyewe ndizo hizi.

Akavitazama vidole vyake vilivyokanyagwa wiki sita. Aibu ikampanda, kisha kicheko, kisha machozi, vyote pamoja. Néckel akarudi na birika, akaona anachokitazama, akasimama hapo hapo.

Josette akajifuta uso.

"Kesho saa tisa," akasema. "Hatua yako bado mbovu, shemeji."

"Mbovu sana," akasema Néckel, akammiminia kahawa.