Chuma cha Mbele Kushoto

Tangu Jumanne Mwalimu Philemon Barasa alikuwa akitafuta kipande cha chuma chenye urefu wa mkono, na kufikia Jumamosi alasiri alikuwa bado hajamwambia mkewe.

Kipande hicho kilikatwa kutoka kwenye chasisi ya gari lake la Jeep, upande wa mbele kushoto, pale kutu ilipokuwa imekitafuna chuma hadi kikameguka kwa kidole. Gari lenyewe alilinunua mwaka wa 1963 kwa mlowezi mmoja wa Lugari aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Lilikuwa limelala ghalani chini ya magunia ya mahindi, kuku wakitagia kwenye viti vyake. Siku lilipoburutwa na trekta hadi Shirere, majirani walikuja kumpa Mwalimu pole, kana kwamba amefiwa.

Miaka mitatu alilihudumia. Mwaka wa kwanza wote aliamini kuwa ni Jeep ya kampuni ya Willys, wala si ya Ford kama kitabu chake kilivyosema, kwa sababu ndivyo injini ilivyoandikwa. Aliyemsahihisha ni Mzee Patroba, jirani yake fundi, ambaye wakati wa vita aliendesha magari ya namna hiyo huko Burma.

"Injini hubadilishwa kama shati, Mwalimu," alisema Patroba. "Wewe tazama mifupa."

Akamwonyesha mhimili unaopita mbele, chini ya rejeta. Wa Willys huwa wa mviringo kama bomba la maji; huu ulikuwa na pembe. Kisha akakwangua kichwa cha bolti kwa ncha ya kisu, na herufi F ikajitokeza.

"Ford hao! Walitia alama yao hata kwenye bolti, kama mtu asiyewaamini majirani."

Philemon, aliyekuwa akifundisha historia, hakuwahi kupewa zawadi iliyompendeza kuliko herufi ile. Kuanzia hapo alilikagua gari bolti kwa bolti, daftari mkononi. Zenye F alizisafisha kwa mafuta ya taa na kuzirudisha mahali pake. Zisizo nayo alizihesabu kuwa wageni, akaziondoa kwa heshima. Chuma kile cha mbele tu ndicho kilichomshinda. Patroba alikikata, akachomelea kipya mahali pake, na mvua za mwaka huo zilipoanza gari liliunguruma.

Ndipo Jumanne alipolipeleka kukaguliwa ili liandikishwe upya kwa jina lake. Afisa wa ukaguzi, kijana nadhifu aliyeitwa Kiprop, alijilaza chini yake na tochi kwa muda mrefu. Alipoinuka alijipangusa magoti kwanza, ndipo akasema.

"Kitabu cha gari kinasema Ford. Injini inasema Willys. Na chasisi haisemi kitu. Ford hupiga namba juu ya chuma cha mbele kushoto. Hapa pana chuma kipya, Mwalimu."

"Cha zamani kilioza, bwana. Tulikikata."

"Basi gari hili ni la nani?"

"Ni langu."

"Hata aliyeliiba angejibu hivyo."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kanuni. Alimpa hadi Jumatatu. Bila namba inayolingana na kitabu, gari lingezuiliwa kama mali ya jeshi iliyopotea, na Mwalimu angeeleza mahakamani alivyolipata.

Philemon hakuwa mtu wa mahakamani. Jambo jingine lililomfunga mdomo ni kwamba siku ya kulinunua gari lile mkewe, Navalayo, aliuliza swali moja tu, kama karatasi zake ni safi, naye akamjibu kwa kifua mbele kwamba zina usafi wa maji ya mvua. Kwa hiyo alitafuta peke yake. Patroba alikumbuka kukitupa chuma kando ya ukuta wa jikoni, lakini hakikuwapo. Philemon alipekua mtaro, akapekua nyuma ya choo, akaenda hadi Lurambi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu na kulipangua rundo lake mpaka vidole vikatoka damu.

"Vyuma vya mwezi wa tatu?" mnunuzi alicheka. "Hivyo viko Kisumu, Mwalimu. Saa hii pengine ni sufuria, mtu anapikia obusuma, ugali wa kwetu."

Jumamosi alasiri kengele ya kanisa dogo la Shirere iliita akina mama mkutanoni, na Navalayo, mwenyekiti wao, akaenda. Aliporejea alimkuta mumewe amepiga magoti katikati ya migomba, jembe mkononi, suruali ya kazini imelowa tope.

"Baba Chrispinus, unazika nini?"

"Sizi... natafuta."

"Unatafuta nini?"

Akamwambia. Mara alipoanza hakuweza kukomea njiani. Alieleza yote, Kiprop na tochi yake, Jumatatu, mahakama, rundo la Lurambi. Navalayo alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa na kumsikiliza bila kumkatiza. Mwishoni alifunika mdomo kwa leso, mabega yakaanza kutikisika, na Philemon, akidhani analia, akaangusha jembe.

Hakuwa akilia.

"Ni kile cha kutu? Chenye matundu mawili?"

"Ulikiona?"

"Nilikichukua! Tena nilikuomba."

"Lini?"

"Ulikuwa chini ya gari, miguu tu nje. Nikasema, Baba Chrispinus, kanisa halina kengele, nichukue hiki? Ukasema, 'Mm.' Kwa kuwa nakujua, nikauliza tena. Ukasema, 'Mm, mm.' Sasa mwanamume akikubali mara tatu, mimi nimngoje aandike barua?"

Philemon aliketi palepale topeni. Miezi mitatu kengele ile ilikuwa ikimwamsha Jumapili asubuhi. Siku ileile, saa mbili tu zilizopita, alikuwa ameisikia, akakunja uso kwa sababu ilimsumbua wakati anafikiri.

"Ungeniuliza Jumanne," Navalayo alisema, sasa kwa upole, "ungelala siku nne."

Walichukua kitabu cha gari na chupa ya mafuta ya taa, wakaenda pamoja, karibu wakimbie, mawingu ya mvua yakishuka kutoka upande wa msitu. Chuma kilining'inia kwa waya kando ya mlango wa kanisa, kimepakwa chokaa, ncha yake ya chini iking'aa kwa kugongwa. Philemon aliukodolea macho mng'ao huo. Namba hupigwa kwa kina kidogo tu. Miezi mitatu ya kugongwa kwa nondo ingeweza kuifuta.

Alikiteremsha, akakilaza mapajani, akaondoa chokaa kwa mafuta ya taa. Pakaonekana chuma cheusi tu. Akatia mkono katika mfuko wa koti, mahali ambapo mwalimu hakosi kuwa na chaki, akaisagia juu ya chuma, akaisugua kwa kidole gumba na kufuta juu juu kwa leso ya Navalayo. Unga ulibaki mashimoni. Taratibu, tarakimu nyeupe zikatokea kama mwandiko ubaoni.

"Soma kitabu," alimwambia mkewe.

"Moja."

"Moja."

"Tano. Sifuri. Saba."

"Tano, sifuri, saba. Endelea."

"Mbili. Na nane."

Ya mwisho ilikuwa ukingoni mwa sehemu iliyogongwa. Aligeuza chuma kwenye mwanga mara mbili, tatu. Duara la juu lilikuwa limepondeka, lakini limefunga. La chini lilikuwa zima.

"Nane," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne pumzi ilimtoka mpaka chini.

Jumatatu, Mwalimu na mkewe wakiwapo pamoja na Patroba, Kiprop alikikagua kipande kile kwa tochi ileile. Alikishikiza kando ya gari, na pale kilipokatwa kilikuwa kimepinda sawasawa na mstari wa kuchomelea uliobaki kwenye chasisi.

"Mbona msumeno ulikwenda upogo hivi?" aliuliza.

"Mwalimu alikuwa ananipigia kelele nisikate sana," alijibu Patroba. "Mshukuru kelele zake."

Kiprop alicheka kidogo, kisha akarudi kwenye kanuni: namba lazima ikae kwenye gari. Hapo Philemon alimtazama mkewe, kwani wote wawili walikuwa wakiwaza kengele. Mwishowe Patroba alikata kiasi cha kiganja tu, mahali penye namba, akakichomelea kwenye chasisi Kiprop akitazama, na mhuri ukagongwa.

Sehemu iliyobaki ilirudi kwenye waya wake. Kwa kuwa ni fupi sasa, inalia kwa sauti nyembamba zaidi, na baadhi ya waumini husema kengele yao imerudi ujanani. Jumapili ya kwanza Philemon aliisikia akiwa chini ya gari, miguu tu nje.

"Baba Chrispinus," Navalayo aliita, "twende?"

Alitoka kwanza, akasimama, akamtazama usoni.

"Ndiyo," alisema. "Twende."