Nyuma ya Kabati la Mama

Kukaa kimya mimi siwezi, na siku ile hata kukaa tu kulinishinda. Roho ilikuwa juu tangu nilipofungua macho. Mkaguzi wa majengo ya kale alikuwa anakuja nyumbani kwa mama kabla ya adhuhuri, nami ofisini nilikuwa nimeaga kwa kusingizia jino. Kazi yangu ni kuchora ramani za maghorofa. Sasa bosi ningemwambia nini? Kwamba naenda kuitetea nyumba ambayo mteja wake mwenyewe anakimezea mate kiwanja chake?

Nyumba ni ya marehemu baba na mdogo wake, nusu kwa nusu, na baba mdogo anataka kuuza. Majirani walishauza zamani. Kushoto kwetu pameota ghorofa la vioo, kulia kuna shimo, na ndani ya shimo winchi inapiga kelele kutwa. Mama hataki hata kulisikia neno kuhama. Tuligombana na baba mdogo mpaka koo zikakauka, mwisho akasema: "Haya, basi. Jiji likikubali kuilinda, nafunga mdomo wangu. Likikataa, nasaini siku hiyo hiyo, na asije mtu kunililia."

Cha kuiponya kilikuwa kimoja tu: sebule. Kuta zake ni za chokaa ya zamani, na usawa wa kifua kulikuwa na mkanda wa maua ya buluu yaliyochorwa kwa mkono, yakizunguka chumba kizima. Mji mzima huu maua hayo yalibaki kwetu peke yetu. Nilipeleka picha, mkaguzi akasema picha hazitoshi, lazima aone kwa macho yake.

Basi nafika mlangoni, nakutana na harufu. Harufu ile naijua, nashinda nayo kazini. Simenti mbichi.

Nilivuka kizingiti na viatu vyangu. Kaka yangu mkubwa alikuwa katikati ya sebule, mwiko mkononi, meno yote nje. Kaka ni fundi, na mtaani wanamwita Simenti kwa sababu kwake hakuna ugonjwa usiopona kwa simenti.

"Karibu, mdogo wangu! Unaonaje mambo?"

Nilikuwa naona kuta za kijivu, laini, zimenyooka kwa rula. Ua hata moja hakuna.

"Kaka, maua yako wapi?"

"Yale makuukuu? Nimeyafunika. Mama kasema kuna wageni wakubwa, nyumba iko vile vile, tutaweka wapi sura zetu? Nimefanya jana kutwa, na leo nimerudi alfajiri kumalizia. Na sitaki malipo, hii ni yangu na wewe!"

"Kabla ya kupiga plasta, uliugonga ukuta?" Nilikuwa naomba aseme hapana.

"Fundi gani asiyegonga? Simenti itashika wapi? Nimeugonga wote kwa nyundo ya ncha, vidonda vidonda, barabara kabisa."

Jamani! Kama angepaka tu, tungebandua. Lakini vidonda vya nyundo havibanduliki. Damu ilinichemka nikasahau kwamba ni mkubwa wangu. "Umeiua nyumba, kaka! Umeiua kwa mikono yako!"

Mama akatoka jikoni na kitambaa cha vyombo begani. "Mna nini nyie? Wageni wako njiani, mnabwatuka kama mko sokoni?"

"Mama, huyo mgeni anakuja kuangalia ukuukuu! Ukuukuu ndio anaoutaka! Si nilikwambia usiguse kitu?"

"Sijagusa kitu. Vyombo vyote viko mahali pake." Akanitazama kama anayepima kama nina homa. "Mtu mzima atoke kwake, apande gari, aje kwangu kuangalia ukuta uliochakaa? Mwanangu, wewe umesoma, lakini mengine yanakupita."

Nilianza kuzunguka chumba. Nilikuwa naupapasa ukuta, naondoka, narudi, natafuta hata jani moja. Kaka alikuwa nyuma yangu akisema nilitaka kusaidia, mdogo wangu, nilitaka kusaidia tu, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. Nilimhurumia na kutamani kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Ndipo nikafika kwenye kabati la mama.

Ni kabati refu la mbao nzito, la vioo mbele, limejaa vyombo vya wageni. Plasta ilikuja hadi ubavuni mwake, ikasimama, ikaendelea upande wa pili.

"Nyuma ya hili umepiga?"

"Lile? Mama kakataa lisiguswe. Na mgongo wangu nao ulikataa."

Lo! Mafundi wote ni wale wale, wanazunguka kabati kama kisiwa, halafu wanakwambia kazi imekwisha. Siku zote nimewalaani kwa uvivu huo. Siku ile nilitaka kumbusu kaka yangu kwenye paji la uso.

Nikashika kona ya kabati. Mama akaja mbio, akasimama mbele yake, mgongo kwenye vioo.

"Hili halisogei."

"Mama, huko nyuma maua yapo!"

"Najua kilichoko huko nyuma kuliko wewe." Akashusha sauti. "Paa lilivuja mwaka nilioolewa. Ukuta ukatutumka, ukabambuka. Wifi yangu akaja, akasimama hapa hapa mbele ya watu akauliza, bibi harusi gani huyu anayekaa na ukuta wenye ukurutu? Wakacheka wote. Baba yenu alilileta kabati hili juma lile lile, akalisukuma hapo, na hakuna aliyeuona tena ukuta ule. Sasa wewe unataka kunivua nguo mbele ya wageni?"

Nikaiachia kona ya kabati. Nje gari likapiga honi.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, tochi mkononi. Alimwamkia mama kwa heshima zote. Nyuma yake akaingia baba mdogo, akatupa jicho ukutani, uso ukamchanua.

"Shemeji! Umeipendezesha nyumba! Imekuwa mpya kabisa!"

Lile neno mpya alilivuta kama anaimba. Mkaguzi alipita polepole kuta zote, akagusa simenti kwa kidole, akanusa kidole, akazima tochi.

"Nasikitika sana, mama," akasema. "Nilitamani sana nyumba hii. Lakini hapa hakuna kilichobaki cha kulinda."

Ninadhani ndipo mama alipoelewa, kwa sababu aliitazama simenti, akamtazama kaka, kisha akayatazama madirisha yake moja moja. Baba mdogo alikuwa ameshatoa simu. "Ndiyo, mheshimiwa," alisema huku anaelekea barazani. "Nadhani leo tunaweza kumaliza."

Mdomo wangu ulikuwa unawasha. Nyuma ya kabati! Maneno matatu tu. Lakini mama alikuwa bado amesimama pale, mgongo kwenye vioo, na hayakuwa yangu kuyasema. Nilijiuma kidole. Winchi ilinyamaza, ikaanza tena.

Mama akavua kitambaa begani, akakikunja, akakiweka juu ya kiti.

"Simenti," akaita. Hajawahi kumwita mwanawe jina lile, analichukia. "Njoo ushike huku. Na wewe mwenye kelele, shika huku. Vyombo vyangu visivunjike."

Tulilisukuma. Vikombe vililia ndani. Nyuma yake yakatokea maua, buluu ile ile, na katikati doa kubwa la maji lenye kingo za kahawia, chokaa imebambuka ganda juu ya ganda. Mkaguzi alipiga magoti sakafuni na sketi yake safi.

"Mama yangu wee," alisema. "Mnaona hapa palipobambuka? Rangi zote zinaonekana, hadi chokaa ya siku ya kwanza. Kwenye picha haya sikuyaona. Hii tunailinda. Natia saini leo leo, wala sihitaji kumuuliza mtu."

Baba mdogo alirudi na simu sikioni. Akachungulia. "Kwa huu ukuta wa ukurutu?"

Mama aligeukia dirishani. Mabega yake tu ndiyo tuliyoyaona.

Baba mdogo ana mengi lakini ahadi yake haivunji. Alikata simu, akaondoka bila kuaga. Mimi nilirukaruka kama mtoto, nikamkumbatia kaka na simenti yake yote. Mama akasubiri tutulie.

"Sasa," akamuuliza mkaguzi, "kabati langu nilirudishe?"

"Hapana, mama. Litafutie ukuta mwingine. Hapa pasiguswe, hata vumbi usifute. Watu watakuja kupaona."

Na kweli wanakuja. Wanafunzi na kamera, watu wazima na miwani, wanapiga magoti mbele ya lile doa na kunong'ona. Mama anawafungulia, anawakaribisha vizuri, kisha anarudi jikoni. Tangu siku ile sijamwona amekaa sebuleni.

Jana nilikuwa nimejinyoosha humo sebuleni peke yangu, nikasikia rafiki yake wa siku nyingi anabisha hodi mlango wa mbele. Nikainuka nimfungulie. Mama akaniwahi kwa sauti kutoka jikoni.

"Zunguka nyuma, mwenzangu! Huko sebuleni kuna wageni."