Mkanda Juu ya Mpunga

Mama yangu, Bi Fatuma, husamehe mengi, lakini si kurudisha chombo cha watu kitupu. Alipoliona chumbani kwangu, hapa Magarama, kopo la biskuti la Bi Aisha, mama wa mchumba wangu Sudi, alilinyanyua akaliona zito. Akadhani nimeshaweka kitu. Akalifunga kwa kitenge na kumpa jirani yetu Mustafa, aliyekuwa akienda Muyinga, amfikishie mwenyewe.

Ndani mlikuwa na filamu yangu. Miezi minne nilijipiga picha peke yangu kwa kamera kuukuu ya sinema, ya kuzungusha ufunguo: shingo, kitovu, midomo, mgongo mtupu. Mkanda niliusafisha ndooni, picha zitokee, kwa kahawa ya Giheta, magadi na vidonge vya vitamini, kisha nikachora nakshi za hina kwa ncha ya sindano juu ya kila picha, maana kazi yangu ni kupamba maharusi. Nilitaka kuiona tamaa yangu kwa macho yangu mwenyewe. Nakala ni hiyo moja. Na harusi ilibaki wiki tatu.

Nilipogundua, kopo lilikuwa limeshafika. Nikapiga simu Gasorwe, kijijini kwa Bi Aisha huko Muyinga.

"Layla, asanti sana!" akasema Bi Aisha. "Mi nililia na ndege wa mupunga, we hukusahau. Ile ruban, ule mukanda, iko muzuri kabisa. Nimeshaitundika mu mupunga."

"Asanti, mama," nikajibu. Mjinga mkubwa mimi!

Kule hutundika kanda za kaseti zilizokufa juu ya mpunga, zipepee, ndege waogope. Sasa mgongo wangu ndio ulikuwa ukifukuza ndege. Nikapanda gari kwenda huko, na njia nzima niliogopa jambo moja: mtu auinue ule mkanda juani.

Nilipofika bondeni kwenye mpunga, mtu alikuwa ameshauinua. Ni Gaudensia, mpaliliaji wa Bi Aisha, mama mtu mzima aliyekulia Tanzania. Jicho moja kalifumba, anasogea picha kwa picha. Nikamsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone, kuna mtu humu!"

"Bi Aisha ameona?"

"Bi Aisha na macho yale? Hata sindano hatungi. Mimi tangu asubuhi sijapalilia hata mstari mmoja." Akashusha sauti. "Nimezaa watoto sita, mwanangu. Mgongo wangu mwenyewe sijawahi kuutazama."

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Upepo ukanivua mtandio. Gaudensia akaliona baka langu chini ya sikio, akarudi kwenye picha ya shingo, akanitazama tena.

Alifungua fundo kwenye kijiti, akaanza kuuzungusha mkanda kiganjani, polepole, asiukwaruze.

"Ndege nitawafukuza mwenyewe," akasema. "Bi Aisha nitamwambia wameuzoea. Lakini usiondoke nao bado. Sijafika mwisho."

Nikaketi tutani kando yake, nikaushika upande wa pili, nikauelekeza juani.