Meno ya Macharia

Adero alihamia Kitengela mwaka wa 1991, mumewe Ochola alipopata kazi kiwandani Athi River. Walipanga vyumba viwili katika ploti ya mzee Kuntai. Siku hiyo hiyo, kabla vitanda havijashushwa, mzee alimpeleka kwenye mfereji wa kisima.

"Mama, hii maji ni ya kufua na kuoga," alimwambia. "Mtoto mdogo usimpatie. Angalia." Akafungua mdomo. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye mabaka. "Ni chumvi ya huko chini. Wewe kinga ya mvua."

Adero alishika neno hilo. Alinunua mapipa mawili, akamlea binti yake Lorine kwa maji ya mvua, na kila mpangaji aliyekuja na mtoto mchanga alimwambia. Hakuishia hapo. Alimkumbusha huyu akung'ute viatu asubuhi kwa sababu ya nge, na yule asianike nguo kwenye ua, mbuzi watazitafuna. Wengine walimshukuru. Wengine waliitikia tu ili aende zake.

Mwaka wa 1995 akaja Virginia kutoka Murang'a, na mumewe Gakuru, na mtoto wa miezi mitano aliyeitwa Macharia. Siku ya kwanza Adero alimwambia habari ya mbuzi na nguo. Ya maji aliiacha hadi kesho, maana wageni walikuwa wamechoka.

Kesho yake, akienda bafuni, alisikia Virginia akicheka na majirani.

"Huyo Mama Lorine! Anafikiri sisi wote ni watoto wake? Hata nguo zangu mwenyewe anataka kunipangia."

Wengine walicheka pia. Adero alirudi ndani, uso ukimchoma. Sitamwambia tena kitu, aliapa moyoni. Ajionee mwenyewe.

Na hakumwambia. Wale wengine nao, hata mzee Kuntai, walidhani Mama Lorine amekwisha kusema, kwa kuwa ndiye aliyesema siku zote. Kila asubuhi alimwona Virginia akijaza mtungi pale mferejini, akichemsha uji wa mtoto. Mapipa yake mawili yalikuwa hatua kumi kutoka hapo. Mara kadhaa alifungua mdomo, akakumbuka kile kicheko, akaufunga.

Hasira yenyewe haikudumu. Ochola alipolazwa na malaria, Virginia alimpikia Lorine juma zima, akamwogesha na kumsuka nywele. Tangu hapo wakawa marafiki. Sasa kusema ndiko kukawa kugumu zaidi, maana angeulizwa mbona alinyamaza. Macharia alikuwa ameota meno meupe kama maziwa. Adero aliyatazama, akajipa moyo kwamba pengine mzee Kuntai alizidisha chumvi.

Meno hayo yalianza kung'oka mtoto alipofika miaka sita. Yaliyoota mahali pake yalikuwa na madoa, kisha yakawa ya kahawia. Virginia aliyasugua kwa mkaa na chumvi hadi ufizi ukatoka damu. Adero alisikia kilio cha mtoto kupitia ukuta, akashindwa kula.

Mwaka wa 2003 Virginia alimpeleka Nairobi kwa daktari wa meno. Aliporudi alikaa kwenye ngazi ya Adero, bado amevaa viatu vya safari.

"Ati ni maji," alisema. "Alikunywa akiwa mdogo. Hiyo rangi haiwezi kutoka, iko ndani. Na shuleni wanamwita Kutu. Mama Lorine, mimi nilijuaje?"

Adero alikuwa akichambua maharagwe. Aliweka ungo chini.

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Maji. Nilijua siku mlihamia. Niliambia kila mtu. Wewe sikukuambia."

Virginia alimtazama kana kwamba hakumwelewa. "Kwa nini?"

Adero akamweleza: bafu, kicheko, maneno yale. Alipoyatamka kwa sauti yalikuwa madogo mno, akaona aibu.

"Hata sikumbuki kusema hivyo," Virginia alisema polepole. "Pengine ungeniambia ningekucheka. Lakini ningekuwa nimeambiwa."

Aliinuka, akaingia kwake na kufunga mlango.

Hawakugombana. Walisalimiana kila asubuhi, kwa ufupi, na chai ya pamoja ikaisha. Mwezi wa Desemba, Gakuru alipomaliza nyumba yao Kimuka, Adero alitoka kusaidia kupakia vyombo kwenye pikapu. Virginia alimwachia abebe sufuria, akamshukuru jinsi mtu anavyomshukuru mgeni.

Macharia alikuwa ameketi mbele, karibu na dirisha.

"Nisamehe, Macharia," Adero alimwambia.

"Kwa nini, Mama Lorine?" mtoto aliuliza, mkono ukiwa mdomoni.

Mama yake hakuwa amemwambia. Adero alitafuta la kumjibu, na kabla hajalipata pikapu ikaondoka.