Bega Linalotafuna Bisi

Kila mara kinyozi alipoinua mkono, bega lilimlia krr krr kama mtu anayetafuna bisi, na maumivu yakamchoma kwa nyuma. Akihofia kufunga kibanda, alimwita shangazi yake, tabibu wa viungo.

"Nivue shati, shangazi?"

"Vua. Halafu ninyoe, nikuone ukifanya kazi." Shangazi akakaa kitini, kinyozi akaanza kunyoa, naye akimchungulia kwenye kioo. "Mbona kiwiko juu hivyo, unatundika pazia?" Akainuka, akabonyeza chini ya mfupa bapa wa bega. "Hapa ndani pamevimba. Mfupa unapasugua."

"Basi kazi imekwisha?"

"Nani kasema? Weka barafu, pumzika wiki mbili, kisha mazoezi. Na kiti ukishushe, mfupi wewe!"

Kinyozi akakishusha, akamketisha shangazi tena, akamalizia kisogo chake. Bega likalia bado, ila kwa kunong'ona. Akabandika tangazo mlangoni: "Narudi baada ya wiki mbili."